CD zinaharibika nikichoma kwa Linux: kosa ni la programu, draivu au diski?

«Habari yako fundi. Nina studio ndogo Kayole, narekodi kwaya za makanisa. Vijana nawatumia nyimbo kwa WhatsApp, lakini wazee na akina mama wa kanisa bado wanataka CD za kusikiliza garini na kwenye redio za nyumbani. Mwaka jana niliondoa Windows kwenye kompyuta yangu ya mezani, ni ya mtumba, ex-UK, nikaweka Linux Mint. Draivu ni ya nje, ya USB, niliinunua Luthuli, mjini Nairobi. Tangu hapo, kila nikichoma CD kumi naharibu tatu au nne. Kuna zinazokataa hata kabla ya kuanza, zinaandika ‘power calibration area error’. Kuna hizi za data ninazowapa walimu wa kwaya kama hifadhi: zinafika mia kwa mia, halafu wakati wa kukagua naletewa ‘Input/output error’, basi nazitupa. Kuna zingine zinacheza vizuri kwa kompyuta lakini gari la mzee wa kanisa linazitema. Nimetoka Brasero nikaenda K3b, nimetumia sudo, nimeshusha kasi hadi 1x. DVD nachoma bila shida yoyote, kwa hivyo najua draivu ni nzima. Rafiki yangu ananiambia nirudi Windows tu. Je, ni Linux?»

Pole kwa hasara, ndugu yangu. Ukiharibu CD tatu au nne kwa kila kumi, faida ya kazi yote imeliwa hapo, na bado hatujahesabu muda wako. Nitoe jibu kwanza, maelezo yafuate. Una matatizo matatu tofauti, ila umeyaona kuwa moja kwa sababu yote yanaishia mahali pamoja: diski mkononi isiyo na kazi. La kwanza liko kwenye draivu, au kwenye umeme unaoilisha. La tatu liko kwenye namna diski inavyoandaliwa na kufungwa. Na hilo la katikati, la makosa yanayotokea baada ya mia kwa mia, mara nyingi si tatizo kabisa. Diski ni nzima, ukaguzi ndio uliojikwaa. Kama ulizotupa bado ziko kwenye katoni hapo studio, zitoe uziweke kando.

Tumalizane kwanza na hoja ya kurudi Windows. Brasero, K3b, Xfburn, na hata programu za Windows, hazichomi kitu. Kazi yao ni kupanga data na kuipa draivu maagizo: jipime, andika sekta hizi (vipande vidogo vya diski), funga diski. Maagizo hayo ni yaleyale kwenye mifumo yote, na chipu iliyo ndani ya draivu ndiyo inayoamua leza iwake kwa nguvu gani. Draivu iliyochoka itaendelea kuchoka hata ukiiwekea mfumo gani. Ulipohama Brasero kwenda K3b, huenda hata programu ya chini inayozungumza na draivu haikubadilika. Kwa miaka mingi programu hiyo ilikuwa cdrecord ya Jörg Schilling. Mwaka 2006, baada ya mzozo wa leseni, watu wa Debian waliichukua wakatengeneza yao, wodim, nayo haijatoa toleo jipya tangu 2010. Kando yake iko libburn, ambayo Thomas Schmitt ameitunza kwa miaka mingi, na amri zake ni cdrskin na xorriso. Ukitaka kupima mambo mwenyewe, ziweke hizo mbili:

sudo apt install cdrskin xorriso

Hapo kwenye kuweka programu ndipo sudo, yaani mamlaka ya msimamizi wa mashine, ina kazi. Kuchoma hakuihitaji, kwa sababu Mint humpa aliyeingia kwenye mashine ruhusa ya kutumia draivu. Ule ujumbe wa wodim unaotaja RLIMIT_MEMLOCK, unaowatisha wengi, ni onyo la kawaida, upuuze. Ukiendesha K3b kwa sudo, unaweza kuachiwa faili za mipangilio zinazomilikiwa na root, yule msimamizi, ndani ya folda yako, na kesho K3b ikifunguliwa kawaida ikatae kuhifadhi chochote. Na ukikutana na ushauri wa mambo ya ide-scsi au /dev/hdc, pita. Huo ni wa mashine za miaka ishirini iliyopita. Siku hizi draivu yako ni /dev/sr0, basi.

Twende kwenye «power calibration area error», kosa la eneo la kupimia nguvu ya leza. CD-R, yaani CD tupu ya kuchoma mara moja, haikupigwa chapa kiwandani kama CD ya dukani. Ni plastiki ya milimita 1.2, juu yake tabaka jembamba la rangi, juu ya rangi tabaka la chuma linalorudisha mwanga, halafu vanishi. Leza ya nanomita 780 huipasha moto ile rangi, na pale ilipopashwa, mwanga haurudi sawasawa. Alama hizo ndizo data yako. Sasa, nguvu inayotakiwa si moja kwa diski zote. Inategemea rangi ya kiwanda, joto la chumba, umri wa leza, hata vumbi kwenye lenzi. Ndiyo maana draivu hujaribu kwanza kwenye kisehemu kilichotengwa karibu na tundu la katikati, ndani zaidi ya pale data inapoanzia, kama mpishi wa chapati anavyopima moto wa kikaango kwa ile ya kwanza. Huandika kwa nguvu mbalimbali, husoma ilichoandika, huchagua iliyotoka vizuri. Isipopata hata moja inayosomeka, inagoma na kukuletea ujumbe huo.

Kwa hiyo diski iliyokataa hapo haijaandikwa kitu. Eneo la data bado ni safi, na kisehemu cha majaribio kina nafasi ya majaribio kama mia moja. Ipeleke kwenye draivu nyingine ujaribu tena kabla ya kuitupa. Ikichomeka huko, umeshajua mwenye kosa.

Na hapa ndipo hoja yako ya DVD inapokuangusha. Umesema DVD inachoma vizuri, kwa hiyo draivu ni nzima. DVD huchomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650. CD kwa ile ya 780. Kwenye draivu nyingi hizo ni leza mbili tofauti zinazokaa pamoja nyuma ya lenzi. Moja inaweza kufifia na nyingine ikawa na nguvu zake zote. Mafundi wanakutana na jambo hili kila mara: mteja anaapa draivu ni mpya kwa sababu filamu ya DVD imechomeka jana, kumbe upande wa CD umeshachoka. Draivu ya ex-UK, au iliyofunguliwa ikatolewa kwenye laptopu kuukuu na kuvalishwa ganda jipya la USB, inaweza kuwa imechoma mamia ya diski kabla haijafika mikononi mwako.

Lakini usikimbilie kuitupa, kwa sababu kuna mshukiwa mwingine wa bei rahisi zaidi, naye ni umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, na la USB 3.0 miliampia 900. Draivu nyembamba ya nje, wakati injini inaanza kuzungusha diski na leza inawaka kwa nguvu ya kuandika, inaweza kudai zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Wakati wa kusoma haisumbui, ndiyo maana unaiona nzima. Shida hutokea hasa ukiichomeka tundu la mbele la kompyuta ya mezani, ambalo hufika kwenye ubao mama kwa waya mrefu mwembamba, au kwenye hab (kigawanyi cha matundu ya USB) isiyo na umeme wake, ambapo pia kuna kipanya, kibodi na simu inayochajiwa.

Jaribu hivi. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo dmesg -w

Iache hapo ikiendelea, kisha anza kuchoma. Ukiona mstari wenye maneno «USB disconnect», au «reset high-speed USB device», katikati ya kazi, draivu imezimika ikawaka tena, na hakuna programu duniani itakayokusaidia. Hamisha waya kwenye tundu la nyuma, lile la buluu la USB 3.0 kama mashine inalo. Kama draivu ilikuja na waya wenye vichwa viwili, chomeka vyote viwili. Wengi hukiacha kile cha pili kikining'inia wakidhani ni cha akiba. Mistari hiyo isipotokea kabisa na ujumbe wa kalibresheni ukabaki, basi rudi kwa leza, lenzi au diski yenyewe.

Ukichoma kwa wodim au cdrskin moja kwa moja, au ukifungua maelezo ya kina ya K3b baada ya kushindwa, utakutana na mistari ya nambari ambayo watu wengi huiruka. Usiiruke. Tafuta neno «Sense Key» uangalie nambari inayofuata. 0x2 maana yake draivu haiko tayari, pengine diski haijakaa. 0x3 ni lawama kwa diski, au kwa jinsi leza inavyoiona. 0x4 ni kifaa chenyewe kimeharibika. 0x5 ni programu iliyoagiza jambo ambalo draivu haiwezi au haikuruhusu wakati huo. Ujumbe wako wa kalibresheni huja na 0x3 na msimbo wa 0x73. Ukishajua nambari hiyo, umeokoa wiki nzima ya kubadilisha programu bila mpango, kwa sababu kati ya hizo nne ni 0x5 pekee inayoweza kuponywa kwa kubadilisha programu.

Kushusha kasi hadi 1x hakukusaidii. Najua ushauri huo unavyosambaa, na ulikuwa na maana zama za diski za polepole. Diski za leo zimeandikwa 52x, rangi yake imetengenezwa ipokee leza kwa mipigo mifupi yenye nguvu, na draivu nyingi haziwezi hata kwenda chini ya 8x au 10x kwa CD. Ukiagiza 1x, draivu inachukua kasi yake ya chini kabisa bila kukuambia. Weka diski tupu uulize inakubali kasi zipi:

xorriso -outdev /dev/sr0 -list_speeds

Chagua ya katikati. Kwa draivu nyembamba inayofika 24x, mimi ningechoma kwa 10x au 16x, nikaacha mambo mengine. Kasi ya juu kabisa pia ina tabu zake kwenye ukingo wa nje wa diski, na kwa nyimbo za dakika sabini ukingo huo utaufikia.

Diski nazo ziulize. Jina lililochapishwa juu ya kopo halikuambii kiwanda. Viwanda vichache, hasa vya Taiwan kama CMC Magnetics na Ritek, vimetengeneza diski zinazouzwa kwa majina chungu nzima. Taiyo Yuden ya Japani, ambayo mafundi wa sauti waliiheshimu kupita wote, iliacha biashara hiyo mwaka 2015. Kila CD-R ina mfereji uliochorwa kiwandani ambao ndani yake umefichwa ujumbe wa mtengenezaji, na unaweza kuusoma kabla ya kuchoma:

cdrskin -v dev=/dev/sr0 -atip

Andika jina unalolipata kwenye kifuniko cha kopo. Ikiwa zinazokataa zote ni za kiwanda kimoja na za kiwanda kingine zinapita, umepata jawabu bila kununua draivu. Ukinunua mjini, nunua kwanza chache, uchome mbili tatu, ndipo urudi kuchukua kopo la hamsini. Kwenye meza za Luthuli na River Road bei inaweza kufanana kabisa, na mali ikawa mbali mbali.

Sasa zile za data zilizofika mia kwa mia. Hapa nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo pesa zako nyingi zimepotelea.

Kuna njia mbili kuu za kuandika CD. Katika moja, TAO (Track At Once), draivu inaandika traki, yaani wimbo au sehemu moja ya data, inazima leza, halafu inarudi kufunga. Katika nyingine, SAO (Session At Once), ambayo programu nyingi huiita DAO (Disc At Once), inaandika kila kitu kwa mwendo mmoja toka mwanzo hadi mwisho bila kuzima leza. TAO huacha kitu nyuma yake. Pale leza inapozimwa hubaki sekta mbili za mwisho ambazo zinahesabiwa katika urefu wa traki, lakini hazina data ya kusomeka. Linux ikiuliza diski ina urefu gani, inajibiwa urefu unaojumlisha zile mbili. Tena keneli, kiini cha Linux, ina mazoea ya kusoma mbele kidogo kuliko ilivyoombwa, ili kuharakisha mambo. Ikifika mwisho inagonga zile sekta tupu, draivu inasema haiwezi, na wewe unaletewa «Input/output error». Faili zako zote ziko salama nyuma ya hapo. Tatizo hili ni la zamani na linajulikana. Ndiyo maana programu za kutengeneza picha za ISO (faili moja yenye data ya diski nzima) huongeza kilobaiti 300 za sifuri mwishoni, ili ajali ikitokea itokee mbali na faili za mtu.

Kwa hiyo chukua moja ya zile ulizozitupa. Itoe kwenye draivu kwanza kama bado imo, uirudishe, kwa sababu mara baada ya kuchoma keneli inaweza kuwa bado inakumbuka diski tupu. Ikishafunguka kwenye skrini, linganisha na folda uliyoichoma:

diff -r ~/Rekodi/Kwaya /media/jina_lako/Kwaya

Badilisha majina ya folda yafanane na yako. Amri hii husoma kila faili ya pande zote mbili, baiti kwa baiti. Itachukua dakika kadhaa. Ikimaliza bila kuandika neno lolote, diski hiyo ni nzima, mpe mwalimu wa kwaya. Ikitaja faili kuwa inatofautiana au haisomeki, hiyo kweli imeharibika.

Kuanzia sasa, kwenye K3b fungua mipangilio ya uandishi, uchague DAO badala ya kuiacha ijiamulie, na uzime kuongeza sesheni nyingine, yaani awamu nyingine ya kuandika. Makosa mengi ya mwisho wa ukaguzi yatatoweka. Jambo dogo kuhusu draivu nyembamba: baada ya kuchoma, programu huitoa trei ili diski isomwe upya, lakini trei ya aina hiyo haina injini ya kuirudisha ndani. Lazima uisukume kwa mkono. Usiposukuma, ukaguzi unasubiri au unaanguka, nawe unalaumu diski.

Tuje kwa gari la mzee wa kanisa. Swali la kwanza ni la kawaida sana na usilikasirikie: ulimchomea CD ya sauti, au ulinakili MP3 kwenye CD ya data? Kompyuta inacheza zote mbili, redio ya gari la zamani inajua ya kwanza tu. CD ya sauti haina faili. Ina mkondo wa sauti wa sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, pande mbili (kushoto na kulia), umegawanywa sekta 75 kwa kila sekunde. Kwenye K3b chagua mradi wa CD ya sauti, uburute nyimbo humo, programu itageuza yenyewe. MP3 ikikataliwa, ongeza pakiti ya K3b ya extracodecs. Na kama unarekodi kwa 48,000, kama wanavyofanya wengi wanaochanganya na video, kisha unachoma kwa terminali, geuza kwanza, maana wodim haitakubali:

ffmpeg -i wimbo.wav -ar 44100 -ac 2 -c:a pcm_s16le wimbo_cd.wav

Usishangae folda yako ya WAV ikifika megabaiti 800 na bado ikaingia kwenye diski ya 700. Sekta ya sauti hubeba baiti 2,352, ya data 2,048. Zilizobaki kwenye sekta ya data hutumika kurekebisha makosa. Kwa sauti hesabu dakika. Themanini ndio mwisho.

Kama ilikuwa CD ya sauti kweli, tazama kama ilifungwa. Redio ya gari inatafuta orodha ya nyimbo mwanzoni mwa diski, na orodha hiyo haiandikwi mpaka sesheni ifungwe. Draivu ya kompyuta ina ujanja wa kusoma diski iliyo wazi, redio haina. Uliza:

xorriso -outdev /dev/sr0 -toc

Kwenye mstari wa «Media status» ukiona «is closed», imefungwa. Ukiona «is appendable», imeachwa ikisubiri kuongezewa, na kwenye Brasero hilo huletwa na kisanduku kimoja tu cha kuacha diski wazi ambacho watu hukitia tiki bila kusoma. Kitoe hicho. Kwa sauti tena DAO ina faida ya pili: TAO huweka ukimya wa sekunde mbili kati ya nyimbo, jambo linalokera kama ulirekodi ibada moja iliyoungana.

Imefungwa, ni ya sauti, na bado gari linaitema? Hakikisha si CD-RW, zile za kufuta na kuandika upya, kwa sababu hizo hurudisha mwanga kidogo sana na redio nyingi za zamani hazizioni kabisa. Angalia pia kama umebandika karatasi ya jina juu yake. Karatasi ikikaa upande kidogo diski inayumba ikizunguka, na kwenye redio za gari za kumeza inaweza kubanduka ikabaki ndani, kisha ugomvi wako na mzee wa kanisa uwe wa redio. Tumia kalamu ya wino wa maji iliyotengenezwa kwa CD. Watu huulinda upande wa chini na kuukwaruza wa juu bila wasiwasi, kumbe wa chini una plastiki ya milimita 1.2 ya kuukinga, na wa juu kuna vanishi tu kati ya kucha yako na lile tabaka la chuma.

Yakishindikana yote hayo, redio yenyewe inaweza kuwa ndiyo mgonjwa. Kabla hujamwambia mzee hivyo, mpe CD ya dukani aijaribu.

Ningekuwa wewe ningefanya nini kuhusu draivu? Kwa kuwa kompyuta yako ni ya mezani, ningetafuta draivu ya ndani ya SATA (kiungio cha ndani ya kompyuta), ile nene ya ukubwa kamili. Inapata volti 12 kwa injini moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai, haigombanii umeme wa USB, na huwa imara kuliko nyembamba. Inahitaji tundu moja la SATA lililo wazi na waya wa umeme, kwa hiyo fungua kompyuta uangalie kabla ya kwenda mjini. Ile ya nje ibaki ya kusomea na ya DVD. Kuitengeneza sikushauri. Kubadilisha leza kunaweza kukugharimu kuliko draivu nzima, na mwenye kubadilisha naye atakuwa ameitoa kwenye draivu nyingine kuukuu. Kupuliza vumbi kwenye lenzi kwa kipulizio cha mkono ni sawa, na kwa barabara za Kayole lina maana. Kumwagia spiriti ni kutafuta taabu.

Stima nayo isikuchezee. Draivu zote za miaka ya karibuni zina kinga ya data kuchelewa kufika: leza husimama, husubiri, huendelea pale pale. Hiyo ilikuwa sababu kubwa ya kuharibu diski zamani, siku hizi si kitu. Lakini haina uhusiano na stima kukatika. Ikikatika katikati ya CD-R, hiyo imekufa, na hata UPS ndogo inayoshika dakika kumi inatosha kumaliza kuchoma.

Kuna wakati wa kuacha kujaribu peke yako. Draivu ikianza kukwaruza, kunuka, au diski ikitoka na duara zilizochimbika, ichomoe. Na mtu akikuletea CD ambayo ni nakala pekee, picha za MRI kutoka hospitali, ushahidi wa wakili, harusi ya mwaka 2006, usiifanyie majaribio ya kuiongezea sesheni wala kuisafisha kwa dawa ya meno. Kwanza vuta kilichopo:

ddrescue -b 2048 /dev/sr0 nakala.iso nakala.map

Pakiti yake inaitwa gddrescue. Ikikwama, endelea na amri ileile kwenye draivu nyingine. Faili ya nakala.map inakumbuka palipobaki. Ikiwa hata draivu tofauti haiioni, mpelekee fundi wa kuokoa data, umwambie wazi kila ulichofanya.

Ukienda mjini kununua draivu au kupima hii, beba diski zako mwenyewe, zile zilizokataa na kopo lilelile. Mwambie muuzaji achome CD moja, si DVD, mbele yako, toka mwanzo hadi kufungwa, na umpe ya pili kama ya kwanza imepita. Muuzaji makini hatakasirika. Akisema DVD inatosha kuonyesha kwamba ni nzima, nenda meza inayofuata.